Kidevu Juu

Baba yangu alikuja bwawani amevaa suti. Ile ya kijivu, anayoivaa siku anapokwenda kumwambia mtu hapana uso kwa uso. Niliiona tangu anashuka garini pale langoni, lakini nilijikaza, nikaenda kumpokea kwa mwendo wa mtu asiye na wasiwasi.

Nyuma yake alishuka Shangazi, dada yake wa pekee, na mwavuli wa maua mekundu na viatu vya kisigino kirefu.

"Shangazi, si nilikwambia kuna matope?"

"Uliniambia kuna mwanamume," alijibu. "Matope sikuyasikia."

Jumamosi iliyokuwa inafuata wazee wa mhifadhi wa bwawa, mwanamume aliyetaka kunioa, walitaka kuja nyumbani kwetu kujitambulisha. Baba alikataa kuwapokea. Alisema hatoi neno kwa watu wa mtu asiyemjua, tena mtu ambaye kazi yake, kwa alivyosikia, ni kulala kifudifudi kwenye matope akihesabu ndege. Nikamwambia basi njoo umwone. Nikaongeza, kwa kuwa na mimi ulimi ninao, kwamba bila baraka yake siolewi, na kwa mwanamume mwingine siolewi vilevile. Tukakaa wiki mbili tunasemeshana ya lazima tu, nipe chumvi na zima taa. Mimi na Baba tumefanana pua na kiburi, na nyumba yetu ni ndogo kwa viburi viwili.

Baba ni mpiga picha. Studio yake iko katikati ya mji, chumba kimoja chenye pazia la buluu na kiti cha mbao, na ina miaka arobaini. Hakuna bibi harusi wa mji ule ambaye Baba hakumgusa chini ya kidevu kwa ncha ya kidole na kumwambia, "Kidevu juu, mama. Wewe ni mtoto wa watu." Na kweli, yule aliyeingia amejikunyata alitoka pichani kama malkia. Ukutani, juu ya kiti, kuna kibao alichokiandika kwa mkono wake kabla sijazaliwa. Ndicho nilichojifunzia kusoma. Kinasema nini, nitakuambia wakati wake ukifika.

Studio ile ilikuwa iwe yangu. Badala yake nilichukua kamera nikaenda kwa ndege, na hapo ndipo nilipokutana na Bwana Ndege, yule mhifadhi.

Mji mzima unamwita hivyo. Wengine kwa heshima, wengine kwa dhihaka, na yeye huwaitikia wote sawasawa. Siku ya kwanza nilipoingia kwenye kibanda chake cha matete, miaka miwili iliyopita, nilikuwa nimevaa blauzi ya njano niliyoipenda sana. Alinitazama mara moja tu. "Dada, blauzi hiyo inaonekana mpaka ng'ambo. Tafadhali toka." Nililia kwa hasira njia nzima. Kesho yake nikarudi na shati la rangi ya udongo, nimenuna. Akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema, "Sasa karibu." Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonimaliza. Wanaume walionisifia macho na mwendo niliwasahau wote, nikabaki na huyu aliyenisifia shati.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, buti za mpira miguuni, kofia mkononi. Alikuwa amenyoa ndevu. Alijikata kidogo chini ya kidevu, na kile kidonda kidogo kilinitia huruma kuliko kitu chochote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Macho ya Baba yalianzia kwenye buti na yakachelewa kupanda. "Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi."

Hakushusha uso. Wanaume wengi humshushia Baba uso. Nilimwona Baba akilitambua hilo na kulichukia palepale.

"Mrefu," Shangazi alininong'oneza. "Na meno anayo."

"Shangazi!"

"Nahesabu tu. Si mnahesabu hapa?"

Shangazi alitafutiwa buti, moja namba sita na nyingine namba nane, mwavuli wake ukaachwa ofisini. Baba alikataa buti. Alisema viatu vyake vimepita pabaya zaidi ya hapa. Akakataa pia kuvua kamera yake ya zamani, ile ya filamu, iliyoning'inia kifuani juu ya tai. Nilijua ameivaa kwa nini. Alitaka ijulikane nani alianza kazi hii.

Tulipita kwenye daraja la mbao mmoja nyuma ya mwingine mpaka kibandani. Ndani kuna benchi moja na mwanya mrefu wa kuchungulia, upana wa kiganja. Tulikaa wanne kwa kubanana: Baba, mimi, Bwana Ndege, na Shangazi pembeni. Bega la Bwana Ndege liligusa langu. Miezi yote tuliyokaa pale kimya, wakati mwingine saa tano bila neno, hatukuwahi kugusana kwa makusudi. Siku ile hakuna aliyekusudia na hakuna aliyesogea.

"Tazama kushoto kwa lile tete lililovunjika, Mzee," alinong'ona. "Kibisi."

Alikuwa pale, ndege mdogo wa maji, shingo ya kahawia iliyoiva, amekaa juu ya kiota chake kinachoelea. Kiota cha kibisi ukikiona utadhani ni takataka zilizokusanywa na upepo. Ndiyo akili yake. Akitaka kwenda kula huyavutia mayai majani mabichi kwa mdomo, moja moja, anayafunika kabisa, ndipo anaingia majini taratibu. Apite mwewe, apite nani, haoni kitu.

"Ameatamia siku ngapi?" Baba aliuliza.

"Ishirini kwa hesabu yangu. Wakitoka, watoto hupanda mgongoni kwa mama yao. Binti yako anaisubiri picha hiyo."

"Anasubiri tangu lini?"

"Leo siku ya kumi na moja," nilijibu mwenyewe.

Baba aliguna. Nilimsogezea kamera yangu achungulie. Alikataa kwanza, halafu akainama, na alipoinama hakuinuka upesi.

"Nani amemwekea taa?"

"Jua, Baba."

"Hmm. Limemwangukia vizuri begani."

Niliitambua sauti ile. Ndiyo sauti yake ya studio, ya chini, ya mtu aliyesahau kwamba ana magoti na mgongo. Nilimtupia jicho Bwana Ndege, naye akanitupia lake, na tukawa kama watu wawili wanaochungulia chungu kikikaribia kuchemka. Baba alinirudishia kamera lakini macho yake yakabaki pale kwenye mwanya. Kibisi alikuwa amegeukia matete, uso umeingia kivulini. Kwa siku kumi na moja alikuwa ananifanyia hivyohivyo.

"Geuka kidogo," Baba alinong'ona. Hakuwa anamwambia yeyote kati yetu. "Kidogo tu."

Ningemshika mkono. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikumshika mkono. Lakini nilikuwa nimefurahi mno kumwona hivyo, na furaha hukufanya mjinga.

Baba alitoa mkono wake nje ya mwanya, akapiga vidole, ta! ta!, kama anavyowapigia wateja arobaini kwa siku.

"Tazama huku, mama! Kidevu juu!"

Kibisi aligeuka. Alitutazama sawasawa, shingo imenyooka, jua lote usoni. Kidole changu kilibonyeza chenyewe, mara tatu. Halafu akajitupa majini, hakufunika kitu, na bwawa zima likaruka: yangeyange, kwarara na makelele yao, mabata, na ndege wengine waliokuwa wamelala mbali ambao hata hawakujua wanakimbia nini. Kiota kikabaki wazi. Mayai manne, meupe, chini ya anga tupu.

Na angani, juu ya miti ya ng'ambo, mwewe alikuwa anazunguka.

"Mzee," alisema Bwana Ndege. Hakupandisha sauti. "Tafadhali toka."

"Unasemaje?"

"Tutoke wote, wewe kwanza. Harudi mpaka pawe kimya, na yale mayai yako wazi."

"Unamtoa nani, kijana?" Baba aliinuka, kichwa kikagonga matete ya paa. "Mimi nilikuwa napiga picha mama yako hajaolewa!"

"Heshima yangu iko palepale, Mzee. Lakini kibandani utatoka."

Shangazi aliziba mdomo kwa kanga yake. Nilimtazama mwanamume niliyempenda. Alijua fika anachokipoteza. Angeweza kunyamaza. Dakika tano za kujifanya hamnazo, na Jumamosi yetu ingekuwa salama. Lakini alikuwa amekishika kile kijimlango cha matete, amekifungua, anangoja.

Baba akatoka.

* * *

Ofisini kulikuwa na meza, ramani ya bwawa ukutani, na viti vitatu. Baba hakukaa. Bwana Ndege alikuwa amepanda kwenye mnara wa mbao na darubini, na kwa dirisha niliona mgongo wake tu.

"Amenifukuza," Baba alisema. "Mbele ya dada yangu. Mbele ya mwanangu wa kumzaa."

"Baba..."

"Kwa ajili ya kuku wa maji! Ingia garini."

"Siingii."

Shangazi alivuta pumzi. Sikuwahi kumwambia Baba neno lile.

"Sijasikia vizuri," Baba alisema.

"Siingii, Baba. Nitabaki mpaka nijue kama ndege amerudi."

"Kwa hiyo unachagua. Huyo au mimi."

"Sichagui. Wewe ndiye umenilea hivi, sasa unanigombeza kwa nini?"

"Nimekulea ukae na watu wanaowafukuza wazee?"

"Ulipiga vidole, Baba! Siku kumi na moja!" Sikutaka kulia mbele yake, kulia kungempa ushindi wa bure. Niliwasha kamera nikaiweka mezani, mbele ya suti ya kijivu. "Haya. Tazama."

Alisita, akavaa miwani, akainama. Picha tatu. Katika ile ya pili kibisi alikuwa ametutazama moja kwa moja, tone la maji limening'inia mdomoni, kila unyoya umehesabika, mwanga umemjaa. Katika maisha yangu yote sijawahi kupiga picha nzuri kama ile, na sijui kama nitapiga tena.

Baba alikaa kwenye kiti. Hakujua kama amekaa.

"Ulibonyeza," alisema taratibu.

"Nilibonyeza."

"Palepale?"

"Palepale."

"Na kidevu..."

"Kiko juu, Baba."

Alitaka kutabasamu, nikaona midomo ikimponyoka. "Hii utaitundika. Wakiiona hii, mwanangu, wote watanyamaza. Unaona? Alihitaji kuambiwa tu."

Nilivuta kamera. Nikafuta ya kwanza. Nikafuta ya tatu. Ile ya pili kidole kilinikataa kidogo, kisha nikaifuta nayo.

"Umefanya nini?"

"Nimefuta."

"Picha ile? Umeifuta? Una wazimu?"

"Alikuwa ameogopa, Baba. Tazama vizuri ulichokiona. Lile halikuwa jicho la ndege aliyetulia." Hapo machozi yalinishinda, nikayaacha yapite. "Studioni kwako, juu ya kiti, pameandikwa nini?"

Aligeukia ramani ya ukutani.

"Nisomee. Mimi nilisoma nikiwa na miaka mitano."

Baba alitazama viatu vyake. Matope yalikuwa yamefika kwenye pindo la suruali.

"Picha ya mtu aliyeogopa haitoki hapa," Shangazi alisoma kwa niaba yake, kwa kichwa, kama anayeitika jina lake mwenyewe. "Nakijua kibao hicho tangu kabla hakijatundikwa. Kaka, umesahau siku ile?"

"Usianze."

"Naanza. Yule bibi harusi mdogo aliyeletwa na ami yake. Anatetemeka, ami anamfinya kiunoni atabasamu. Bwana, huyu baba yako alizima taa zote! Akafungua mlango, akamwambia yule ami, mtu mzima na tumbo lake, 'Tafadhali toka.' Kwa sauti hiihii ndogo ya leo. Na mimi nilikuwa nimesimama pembeni, poda imemchirizika yule binti kwa machozi, nikacheka. Unajua alinifanyaje?"

"Alikutoa?" niliuliza. Kisa cha ami nilikijua. Hiki sikukijua.

"Dada yake wa tumbo moja! Nilisimama barabarani kwenye jua kama mwizi. Nikamnunia mwezi mzima." Akamgeukia Baba, na utani ukamtoka usoni. "Lakini kila nilipoulizwa wewe ni nani, nilisema mimi ni dada wa yule mpiga picha. Mpaka leo nasema hivyo."

Baba alivua miwani akaifuta kwa tai. Aliifuta muda mrefu. Nje bwawa lilikuwa limeanza kutulia, ndege mmoja mmoja wakirudi mahali pao. Nilikaa kwenye kiti cha pili. Ukimya wetu haukuwa tena ule wa chumvi na taa.

Ilipita karibu saa nzima ndipo tukasikia buti kwenye ngazi. Bwana Ndege aliingia, kofia mkononi, mistari ya darubini imechorwa kuzunguka macho yake. Alinitazama mimi kwanza. Hakutakiwa, kwa adabu, lakini alinitazama.

"Amerudi," alisema. "Yote manne yapo. Ameyageuza, ameyakalia."

Nilipata kupumua. Yeye akamgeukia Baba, akasimama wima.

"Mzee, sikuja kuomba radhi kwa kukutoa. Ningekutoa tena. Nimekuja kuomba radhi kwa sababu sikukuambia sheria kabla hujaingia. Nilikuwa na woga wa kukuudhi, nikanyamaza. Hilo kosa ni langu."

Baba alimtazama kwa jicho lile la studio, la kutafuta mwanga uko upande gani.

"Na kama ningekataa kutoka?"

"Ningekubeba."

Shangazi alitoa sauti kama birika linalochemka. Mimi nilifumba macho.

"Ungenibeba," Baba alirudia.

"Taratibu, Mzee. Kwa heshima zote."

"Na hii suti?"

"Na suti yako."

Baba aliinuka. Alivuta koti likakaa sawa, akafunga kifungo. Nilijua sasa lile hapana lililovaliwa suti linatoka.

"Jumamosi," alisema, "wazee wako wataingia saa ngapi?"

Bwana Ndege akabaki anaizungusha kofia mkononi. Mtu aliyesema kwa ujasiri wote ule! Ilibidi nijibu mimi. "Saa nne, Baba."

"Saa nne kweli, si saa nne ya kusubiriana. Nami nina sheria zangu." Akashika kamera yake ya zamani. "Njooni nje. Jua bado liko vizuri."

Alitusimamisha kwenye ukuta wa ofisi, penye zile buti zilizotundikwa. Nilikuwa na matope magotini na macho yamevimba. Nikataka kujipangusa, akasema niache, niko sawa. Alirudi nyuma hatua nne, akachungulia, akatikisa kichwa. Tatizo halikuwa mimi. Mwanamume aliyekuwa hashushi uso mbele ya mtu sasa alikuwa ameinamisha kichwa, haya zimemjaa mpaka masikioni, mkono wake umeutafuta wangu ukaupata na haujui ufanye nini nao.

Shangazi akaanza kucheka.

"Dada, nitakutoa," Baba alisema bila kugeuka, naye akaziba mdomo.

Halafu Baba aliiacha kamera ining'inie kifuani, akaja mpaka tulipo. Nilinyanyua uso nikidhani ananijia mimi. Akanipita. Akanyoosha ncha ya kidole, ile iliyowagusa mabibi harusi wote wa mji wetu na haijawahi kumgusa bwana harusi hata mmoja, akaiweka chini ya kidevu cha Bwana Ndege, penye kile kidonda cha wembe, akakipandisha taratibu.

"Kidevu juu, mwanangu," alisema. "Unaoa kwangu."